Mtu wa Tatu: Barua, Simu na Siri za Pwani

Barua ya zamani ya pwani ilikuwa na watu watatu. Alikuwapo mwenye kuituma, akawapo mwenye kutumiwa, na baina yao akawapo mtu ambaye jina lake aghalabu halikuandikwa popote: nahodha aliyeiweka katika kasha lake kutoka Lamu hadi Unguja, mwalimu wa chuo aliyeiandika kwa niaba ya asiyejua kalamu, au kijana aliyeitwa aisome kwa sauti mbele ya bibi ambaye macho yake yamekwisha nguvu. Tunapozungumza leo juu ya intaneti na faragha, twapenda kusema kwamba wazee wetu walizijua siri na sisi tumezipoteza. Sidhani kuwa ndivyo. Siri ya barua haijapata kuwa ya watu wawili tu. Kilichobadilika ni huyu mtu wa tatu: ni nani, uso wake tunaujua au hatuujui, na je, anaona haya?

Tuanze na wakati alipokuwa na uso. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya herufi za Kirumi kutufikia, na barua zilikuwa na adabu yake. Zilitangulia sala na salamu, zikafuata kuulizana hali, tena salamu za jamaa mmoja mmoja, na haja yenyewe ikaja mwishoni katika mistari michache. Jambo zito zaidi pengine halikutiwa wino kabisa. Aliachiwa mjumbe alitamke. Mwalimu aliyeandika posa, deni na talaka za mtaa mzima alijua mambo ambayo kadhi hakuyajua. Lakini mwalimu huyo alisali msikiti mmoja na wenye siri zake, na watoto wake walicheza na watoto wao. Lau angefungua mdomo, angepoteza heshima siku ileile. Hiyo ndiyo iliyokuwa kufuli ya barua, na haikuwa kufuli dhaifu.

Kwa hiyo anayejua kalamu alikuwa mtu wa kuogopwa. Hapana mfano ulio bora kuliko wa Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Emily Ruete. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anasimulia jinsi mabinti wa jumba la mfalme walivyofundishwa kusoma bila ya kufundishwa kuandika, na jinsi alivyojifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao mwingine, Sayyid Majid, wala njama walihitaji mtu wa kuandika barua, na kalamu ikawa mkononi mwa msichana wa miaka kumi na mitano. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na uadui wa nusu ya ukoo wake. Elimu aliyoitafuta faraghani ndiyo iliyomtumbukiza katika siri za wengine.

Salme huyohuyo aliacha barua nyingine, zile alizoziandika kueleza maisha yake ya Ulaya kwa rafiki wa Unguja asiyetajwa jina. Hakuzichapisha uhai wake. Alifariki mwaka 1924, na barua zile zikatoka kwa Kiingereza mwaka 1993. Mimi nimezisoma na nimefaidika nazo, wala sitasema zingefichwa. Ila kila nikizisoma nahisi kama nimekaribishwa ukumbini na watoto wa mwenye nyumba huku mwenye nyumba mwenyewe hayupo.

Kuna walioingizwa ukumbini bila hata ya hilo. Mwaka 1892 C. G. Büttner, aliyekuwa akifundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki mjini Berlin, alitoa kitabu cha maandishi ya Waswahili katika herufi za Kiarabu, yaliyoandikwa upya kwa herufi za Kirumi, kutafsiriwa na kufafanuliwa. Ndani yake mna barua. Ujerumani ilikuwa ndiyo kwanza imeishika pwani ya bara letu, na maofisa wake walihitaji kuisoma. Basi barua ya mtu kwa ndugu yake ikawa somo la darasani, ikachambuliwa vitenzi na viambishi. Watafiti wa leo wanazishukuru kurasa zile kwa sababu karatasi nyingi za zama hizo zimeliwa na mchwa na unyevu. Nami nashukuru pamoja nao. Hata hivyo naona katika kitabu kile mwanzo wa jambo linalotukabili leo: maneno yaliyosemwa kwa haja moja yanachukuliwa na mwenye nguvu kwa haja nyingine, na aliyeyasema hana habari.

Namlinganisha na Mwana Kupona. Utendi wake, alioutunga yapata mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ni wasia kwa binti yake. Hapana jambo la ndani zaidi kuliko mama aliye kitandani akimwambia mwanawe namna ya kuishi na mumewe. Lakini mwishoni mama huyo anawageukia wanawake wengine na kuwataka nao wausome. Amefungua mlango kwa mkono wake. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, waliingia nyumba ambayo mwenyewe alikwisha sema karibu, ingawa hapana shaka hakuwafikiria wageni wa namna ile. Kati ya wasia huu na zile barua za Berlin kuna neno moja tu, nalo ni ridhaa.

Washairi walikuwa na kufuli ya namna yao. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga wakati Mombasa na Unguja zimekabiliana kwa silaha, na beti zake zilisikika sokoni na vikaoni, mahali ambapo kila mtu ana masikio. Fumbo lilimwezesha mtunzi kusema mbele ya watu mia jambo ambalo kumi tu wangelielewa, na wale tisini wakashangilia vina. Kanga nayo, tangu ilipoanza kubeba maandishi, imefanya kazi hiyohiyo. Mwanamke hupita mbele ya hasimu wake na maneno yamemkaa mgongoni, na akiulizwa husema ni nguo tu aliyoinunua dukani. Hapa mtu wa tatu hakufukuzwa. Aliachwa asikie, kisha akanyimwa maana.

Halafu ulikuja waya.

Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Wazulu liliwashinda Waingereza pale Isandlwana, na habari ilichukua takriban wiki tatu kufika London kwa sababu Afrika ya Kusini haikuwa na waya wa kuiunganisha na Ulaya. Serikali ya Uingereza haikutaka aibu hiyo irudi tena. Kabla mwaka huohuo haujamalizika, waya uliolazwa chini ya bahari ulikuwa umeteremka kutoka Aden hadi Unguja, ukapita Msumbiji na kufika Durban. Sisi tulikuwa kituo njiani. Wazee wakaupokea waya kwa neno la Kiajemi, simu, na ni vyema kukumbuka kwamba neno hilo lilikuwa na maana ya telegrafu kabla ya simu ya kuzungumza kulirithi.

Simu ile ilimpa mtu wa tatu meza na mshahara. Mwenye kupeleka habari alikwenda ofisini, akaandika maneno yake, na karani akayahesabu moja moja, maana yalilipiwa kwa neno. Hapo watu wa dunia nzima waligundua faida mbili kwa pigo moja. Vikatungwa vitabu vya maneno ya siri, maarufu katika vya mwanzo kikiwa kile cha William Clauson-Thue cha mwaka 1873, ambamo neno moja lilisimama mahali pa sentensi nzima: bei imepanda, meli imechelewa, usiuze mpaka nikwambie. Mfanyabiashara akapunguza gharama, na karani akabaki akigonga asichokielewa. Kama si fumbo la Muyaka hilo, ni binamu yake, ijapokuwa halina vina.

Lakini waya haukuwa wa kila mtu. Tarehe 25 Agosti 1896 Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki na Khalid bin Barghash akajitangaza mfalme. Basil Cave, mwakilishi wa Uingereza, alipeleka simu London kuomba ruhusa ya kupiga mizinga, na jibu likamjia. Asubuhi ya tarehe 27 jumba la kifalme lilipigwa kwa muda usiofika saa moja, na watu wapatao mia tano wakauawa au kujeruhiwa. Vitabu hupenda kuhesabu dakika za vita hivyo. Mimi hukaa zaidi na ule waya. Upande mmoja uliweza kushauriana na mji mkuu wake, ulio maelfu ya maili, kwa maneno ambayo jirani hakuyasoma. Upande wa pili ulikuwa ndani ya jumba lililo hatua chache kutoka pwani, na waya uliotoka kisiwani humo ulikuwa wa kampuni ya Kiingereza. Siri ilikuwa mali ya mwenye waya.

Somo hilo Wajerumani walilisoma baadaye. Alfajiri ya tarehe 5 Agosti 1914, saa chache baada ya vita kutangazwa, meli ya Kiingereza ilianza kukata nyaya za Ujerumani zilizopita chini ya bahari. Siku tatu baadaye, huku kwetu, manowari ya Kiingereza iliishambulia Dar es Salaam, na shabaha yake ilikuwa mnara wa simu ya upepo. Kwa kukosa nyaya zake, Berlin ililazimika kupitishia habari zake katika njia za wengine, na ndivyo Waingereza walivyoinasa na kuifumbua, Januari 1917, simu ya waziri Zimmermann iliyoitaka Mexico ijiunge dhidi ya Marekani. Ilipofika Aprili, Marekani ilikuwa vitani.

Miaka iliyofuata nitaipitia mbio. Posta ilienea, na katika vita vya pili vya dunia bahasha zilifika zikiwa zimekatwa ubavuni na kubandikwa karatasi ya mkaguzi, jambo ambalo angalau lilionekana kwa macho. Baada ya 1964 waliokuwa na jamaa Muscat na Dubai waliona heri barua ipite mkononi mwa msafiri kuliko katika mfuko wa posta. Wengine walizungumza katika kaseti, upande mmoja baba, upande wa pili watoto, na kaseti ikavuka bahari ndani ya sanduku la nguo. Kwa maneno mengine, watu walirudi kwa nahodha. Walimchagua mtu wa tatu wanayemjua.

Intaneti ilipotufikia, kwa watu wengi ilikuja kwanza kama chumba. Palikuwa na kompyuta sita au nane, kiyoyozi kinachonguruma, na kijana nyuma ya meza anayehesabu dakika. Kijana huyo ndiye aliyewafungulia watu anwani zao za barua pepe, akawachagulia neno la siri, na pengine akaliandika katika daftari lake wasije wakalisahau. Watu waliondoka na kuacha barua zao zi wazi kwenye kioo, na aliyefuata akazikuta. Tulicheka. Hata hivyo alikuwa bado ni mwalimu wa chuo kwa sura nyingine: mtoto wa fulani, wa mtaa fulani, na akivuka mpaka unajua nyumba ya kwenda kushtaki.

Mwaka 2009 nyaya mpya zilitua. SEACOM ilifika Mombasa na Dar es Salaam, na TEAMS ikateremka kutoka Fujairah hadi Mombasa. Mwaka uliofuata ikaja EASSy. Msomaji akitazama ramani ataiona njia ya kaskazini, ya Aden na Ghuba, ileile ya majahazi ya kaskazi na ileile ya waya wa 1879. Chumba cha kompyuta kikahamia mfukoni, yule kijana akatoweka, na tukadhani tumebaki wawili.

Hatukubaki wawili. Mwaka 2013 nyaraka alizozitoa Edward Snowden zilionyesha kwamba idara ya ujasusi ya Uingereza ilikuwa ikichota habari kutoka katika nyaya za chini ya bahari, kazi ambayo vijana wa mwaka 1914 wangeitambua mara moja. Mwaka 2014 iliripotiwa, kutoka nyaraka hizohizo, kwamba Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo Marekani ilikusanya taarifa za simu zake: nani kampigia nani, lini, kwa muda gani. Wengine walijifariji kuwa maneno yenyewe hayakusikilizwa. Faraja hiyo siielewi. Mke anayeona kwamba mumewe ameipigia nambari moja mara arobaini, saa sita za usiku, hahitaji kusikia walichoambiana.

Aprili 2016 WhatsApp ilitia lakiri katika mazungumzo yote yanayopita ndani yake, hata kampuni yenyewe isiweze kuyasoma. Hilo ni jambo kubwa, na wanaolidharau hawajui watu waliolipigania. Lakini lakiri hufunga barua; haifuti kilichoandikwa juu ya bahasha. Kampuni bado inajua anwani na saa. Na nakala ambazo wengi huzihifadhi ili wasipoteze mazungumzo simu ikiibwa, zilikaa nje ya lakiri hiyo. Mwaka 2021 ndipo tulipopewa uwezo wa kuzifunga nazo, na ni lazima uchague mwenyewe. Sijui wangapi katika baraza yetu wamechagua. Nilipouliza, mmoja aliniuliza kwa nini, nina nini cha kuficha.

Swali hilo lataka kujibiwa na pwani, kwa sababu pwani haijapata kuchanganya faragha na kuficha maovu. Nyumba ya Lamu ina daka nje, kisha tekani inayopinda, ili mlango ukiwa wazi mpita njia asione kiwanda. Wikio lilivuka juu ya kichochoro ili wanawake wapite nyumba hadi nyumba. Hapana aliyeuliza wanaficha nini. Sura ya An-Nur inaamrisha mtu asiingie nyumba isiyo yake mpaka aombe idhini, na akiambiwa rudi, arudi. Hodi haina maana ya kuwa ndani kuna wizi. Ina maana kwamba ndani kuna mwenyewe.

Sasa tazama tunavyoishi. Kwa wakala wa pesa za simu, miaka mingi, palikuwa na daftari la kuandika jina, nambari na kitambulisho, nalo lilikuwa wazi mbele ya anayefuata kwenye foleni. Wasichana wakapigiwa simu na wasiowajua, wakadhani ni bahati mbaya. Tanzania, kuanzia Mei 2019, kila laini ilitakiwa isajiliwe kwa alama za vidole, na mwanzo wa 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Nairobi, mwaka 2023, watu walijipanga foleni ndefu wapigwe picha ya mboni za macho na mradi wa Worldcoin kwa malipo ya sarafu ya mtandaoni, hadi serikali ilipousimamisha mwezi Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe. Siwalaumu waliojipanga. Mwenye njaa hulipwa kidogo kwa kila kitu, macho yakiwemo.

Sheria zimekuja. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, yaitaja haki ya faragha. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Kama mfasiri nimezisoma kwa jicho la maneno. Neno faragha ni zuri, na kwa asili yake ya Kiarabu lina harufu ya utupu na wasaa, nafasi ambayo hapana mtu ameijaza. Udukuzi tunaousikia redioni ni ndugu wa kudukiza, kutega sikio kwa yasiyokuhusu. Na vile vipande vidogo ambavyo tovuti huviacha ndani ya simu yako ili zikutambue ukirudi, wafasiri wameviita vidakuzi. Sikio langu la kishairi husikia udaku ndani yake, na sidhani limekosea sana. Neno linalonisumbua ni lile la kwenye kitufe: Nakubali. Mwana Kupona alikubali, naye alijua anawaambia nani. Sisi twakubali kurasa arobaini za Kiingereza cha wanasheria kwa sababu mtoto analia na tunataka picha ifunguke.

Na tusiyatupe yote kwa makampuni. Sauti ya mtu aliyeituma kwa dada yake, akilalamikia ndoa, inaruka kutoka kikundi cha ukoo hadi kikundi cha mtaa kabla ya magharibi. Hakuna mdukuzi aliyeifanya kazi hiyo. Ni shangazi, ni binamu, ni mtu wa tatu wa zamani mwenye uso na jina. Ila kidole chake hakikutani na jicho la mtu pale anapoipeleka mbele, na ile haya iliyomfunga mdomo mwalimu wa chuo haina pa kushika.

Mahali ambapo imeshika ni arusini. Katika sherehe za kupamba, ambamo wanawake huvua mabuibui na kucheza wao kwa wao, picha zilianza kutoka ukumbini kabla ya bibi arusi mwenyewe kuondoka. Baadhi ya ndoa ziliingia dosari, na yako maposa yaliyorudishwa. Wanawake hawakungoja sheria ya mwaka wowote. Siku hizi kadi za mwaliko huandikwa kabisa kwamba simu haziruhusiwi, na mlangoni hukaa mama mmoja wa makamo, aghalabu mwenye sauti nzito, na kapu mapajani. Kila anayeingia humpa simu yake na kupewa kipande cha karatasi chenye nambari. Mabinti hunung'unika, mke wa mkubwa hujaribu kupita na mkoba wake, na yule mama humwambia, kwa adabu yote, kwamba mkoba nao una mdomo, aufungue.